Mafuta ya Karafuu Kwenye Waya za Taa

Siku ya kuniaga, wenzangu wa karakana walinipa daftari jipya na kalamu mbili, wakaniambia niandike safari yangu ya utumishi. Kalamu moja haikuandika tangu mwanzo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili na anayevitaka akaombe ruhusa ya kulifungua. Mimi nitaandika habari za taa, hasa zile taa za ziada tunazozifunga mbele ya magari ya foo-wili, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yanayokwenda mashamba, kwa sababu humo ndimo nilimojifunzia karibu kila ninachokijua. Humo pia ndimo nilimofanya kosa ambalo dereva mmoja, jina lake Shaibu, alikaribia kufukuzwa kazi kwa ajili yake.

Niliingia karakana ya serikali, hatua chache nje ya Mji Mkongwe, nikiwa nimetoka skuli ya ufundi, mwanamke peke yangu. Mkuu wa siku zile alinitazama, akaitazama barua, akanitazama tena, kama kwamba mmoja wetu amepelekwa pahala si pake. Akanituma kwa fundi umeme, Fundi Kanji, maana huyo alikuwa hakatai kitu kabla ya kukipima.

Fundi Kanji alizaliwa Hurumzi, kwenye nyumba ya wauza vitambaa, na mpaka anakufa ndugu zake hawakuelewa kwa nini mtu aache majora ya hariri akalale chini ya gari. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na halikuchafuka. Sisi wengine tulichafuka kwa kupita tu karibu na gari.

"Bi Zuhura," aliniuliza siku ya kwanza, kabla sijaweka mkoba, "umeme unatoka wapi?"

"Kwenye betri."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye taa."

"Halafu?"

Nikauweka mkoba chini. Akaniwekea betri, globu moja na vipande viwili vya waya juu ya benchi. "Basi kaa hapo mpaka ujue unarudi vipi," akasema, akaenda zake kunywa chai. Nilikaa mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Aliporudi globu ilikuwa inawaka na mimi nilikuwa nimeungua kidole. Akakitazama kidole kwanza, kisha globu, akasema sasa tunaweza kuanza kazi.

Swali lile la kurudi nimelitumia miaka yote. Katika gari, umeme hurudi betri kupitia bodi yenyewe, na pale waya unapofungwa kwenye bodi ndipo tunapopaita ethi. Kisiwa chetu kina chumvi hata hewani. Gari linaloshuka ufukweni Kendwa kuvuta boti za watalii, baada ya miezi michache ethi yake imeliwa chini ya rangi, na juu yake hapaonekani kitu. Nyingi ya taa nilizoletewa zikisemwa zimekufa hazikuwa zimekufa. Umeme wake ulikuwa hauna njia ya kurudi nyumbani. Kwaruzeni rangi mpaka bati ling'are, fungeni bolti, pakeni grisi juu. Hilo nimelisema mara nyingi hata mkaanza kulisema kwa sauti yangu nikiwa nimegeuka. Nilikuwa nawasikia.

Taa za ziada zilianza kuletwa wakati magari ya foo-wili yalipozidi kwenda njia za mawe. Taa hizi zinakula umeme mwingi, na swichi ndogo ya ndani haiwezi kuubeba; ukiibebesha, inayeyuka. Ndiyo sababu ya rilei. Fundi Kanji aliifananisha na bawabu wa hoteli: mtu mdogo anamnong'oneza, naye anafungua mlango mkubwa. Waya mnene unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unafika kwa bawabu, kisha kwenye taa. Waya mwembamba ndio unaonong'ona, na tulikuwa tukiuita waya wa amri. Tunauchukua kutoka kwenye waya wa taa kubwa za gari, ili dereva akiwasha ful, yaani mwanga mkali, zile za ziada ziwake pamoja nazo, na akishusha mwanga kwa kumpisha mwenzake zizime. Huo waya wa amri muuweke akilini, maana ndio uliotaka kumponza Shaibu.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa taa ya kupimia ambayo Fundi Kanji aliitengeneza kwa globu ya pikipiki na spoku ya baskeli. Baadaye zikaja mita za kusoma tarakimu. Mita ni nzuri, lakini ina tabia ya kukwambia kila kitu isipokuwa lile unalotaka kujua. Inaweza kukuonesha umeme kamili kwenye waya uliobaki uzi mmoja tu, ukafurahi, ukafunga boneti, na gari likarudi kwako siku ya pili likiwa limevutwa. Globu haidanganyi hivyo, kwa kuwa yenyewe inautumia huo umeme. Kama waya hauwezi, globu inafifia mbele ya macho yako.

Fundi Kanji alipostaafu nilikaa kwenye benchi lake. Alipofariki nilimlilia kama mzazi, na sioni haya kuliandika. Alinifundisha kuuliza, na hakuwahi hata siku moja kunifanya nione kwamba swali langu ni la kijinga, ingawa mengine yalikuwa ya kijinga kweli.

Sasa nije kwenye panya.

Mradi mmoja uliokuwa ukigawa miche na mbegu vijijini ulikuwa na magari saba ya foo-wili, yakilala kwenye banda lililopakana na ghala la mbegu. Usiku panya walikula mbegu, na wakishashiba walipanda kwenye injini zilizobaki na vuguvugu, wakatafuna waya. Hasa walipenda waya za taa za ziada, kwa kuwa zinapita mbele, pahala penye nafasi ya kukaa vizuri. Kila wiki nililetewa gari. Tulitega mitego. Tuliweka sumu, akafa kuku wa mlinzi. Akaletwa paka, akajua haraka kwamba boneti lililotoka kazini lina joto. Alilala juu yake akanenepa, na chini yake panya wakaendelea na shughuli zao.

Mama yangu akiweka karafuu kwenye sanduku la nguo, wadudu hawakuligusa. Nikajiuliza: karafuu ikiwa mafuta, na panya akawa na pua kali kuliko mdudu, itakuwaje? Jamaa mmoja upande wa Kizimbani alikuwa akipika mafuta ya makonyo, yale matawi madogo yanayobaki karafuu ikishachambuliwa. Nikamwomba chupa. Nikachukua burashi ya rangi, nikapaka waya zote za mbele za gari moja, juu ya mpira unaozifunika na ndani yake, kila burashi ilipopenya. Wiki ikapita, mwezi ukapita, panya hakugusa kitu. Nikapaka yote saba.

Karakana ilinukia pilau. Madereva walikuwa wakifungua boneti na kuuliza kama chakula kiko tayari. Watu wa karakana nyengine walikuja kuuliza, nami nikawaeleza bila ya kuficha, na dawa ikaitwa mafuta ya Bi Zuhura. Nilijiona. Nasema kweli, nilijiona sana, na kila baada ya miezi mitatu nilipaka upya.

Shaibu alikuwa dereva wa gari mojawapo kati ya hayo. Mtu wa Mkokotoni, mwembamba, mpole, wa kufuta vioo vya taa kwa leso yake mwenyewe kila anapoegesha. Kati ya madereva wote niliowafungia taa, yeye peke yake ndiye aliyeniuliza rilei iko wapi, na nilipomwonesha aliweka kidole juu yake akaniambia niwashe, ili aisikie inavyogonga. Niliwapenda watu wa namna hiyo.

Alfajiri moja, kabla hakujapambazuka, alikuwa anawapeleka maofisa wawili Mkokotoni wawahi kivuko cha kwenda Tumbatu. Akapita njia ya ndani yenye mawe, aliyoipita mara nyingi. Kwenye kona gari likatoka barabarani, likaingia mtaroni, likajigonga kwenye kisiki cha mnazi. Ofisa mmoja akavunjika mfupa wa bega. Yule mwengine alikuwa amesinzia, hakuona lolote.

Shaibu alisema taa zote zilizimika kwa pamoja, kubwa na za ziada, na hakuiona kona. Lakini watu waliotoka msikitini kwa sala ya alfajiri walilikuta gari limelala ubavu, na taa zote zinawaka. Zilikuwa zinamulika shamba la muhogo. Yeye mwenyewe amesimama ndani ya ule mwanga akiwaambia watu kwamba taa zimezimika.

Gari likaletwa kwangu. Bwana Haji, mkuu wa usafiri wa mradi, hakuwa mtu mbaya, alitaka karatasi. Nikapima betri, fyuzi, rilei, ethi, swichi. Nikatumia mita na nikatumia globu. Kila kitu kizima. Nikaandika: "Taa zote zinafanya kazi. Sikuona hitilafu." Nikatia saini, nikaenda kula.

Baada ya siku mbili Shaibu akaja karakana. Mkono mmoja ulikuwa na bendeji.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, Shaibu. Pole na yaliyokufika."

"Nshapoa. Bi Zuhura, taa zilizimika."

"Nimepima, mwanangu. Zote nzima."

"Najua, nishasomewa ile karatasi yako." Hakusema kwa lawama. "Zilizimika kama mtu kafumba macho. Nlipowaambia hivyo, Bwana Haji akasema basi labda ni mimi nliyefumba macho." Akaitazama bendeji. "Nataka kukuuliza kitu. Mtu akilala, anajijua kama kalala?"

 Nilimwambia sijui, na hilo nalo ni jibu baya la kumpa mtu wa hali ile. Wiki ile ile nikasikia kwamba amehojiwa mara ya tatu, na mara hii ametia saini kukubali kwamba alisinzia. Kamati ya nidhamu ingekaa Alkhamisi ya wiki mbili mbele. Kazi ingekwenda na leseni ingekwenda, na dereva asiye na leseni hana kitu chochote mkononi.

Kilichonikera hakikuwa huruma tu. Ulikuwa ni ule uongo wenyewe, jinsi ulivyokuwa mbovu. Mtu anayetaka kujiokoa husema breki zimekataa, au ng'ombe amekatisha njia. Nani atasema taa zimezimika huku zinammulika usoni? Uongo kama ule hautungwi na mtu mwenye akili, na Shaibu alikuwa na akili. Basi ama alilala, ama alisema kweli, na mimi nilikuwa nimepima gari likiwa limesimama kimya uani, juu ya saruji.

Nikalirudia gari, saa ya chakula cha mchana. Nikawasha taa zote. Nikawaita makanika wawili wazito, nikawaambia wapande juu ya bampa la mbele waruke.

"Turuke vipi?" mmoja akauliza.

"Kama gari liko kwenye mawe."

Wakaruka. Hakuna kitu. Wakaruka tena, wakicheka. Mara ya tatu nikasikia "tk" ndogo kutoka chini ya dashibodi, na taa zote nne zikazima kwa pamoja. Wakaacha kuruka, na kicheko nacho kikaisha. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi nikasikia "tk" nyengine, na taa zote zikawaka, nzuri kabisa, kama hakujatokea kitu.

Gari la aina ile halina fyuzi kwenye taa zake kubwa. Lina kidude kidogo cha bati kinachokata umeme ukizidi, kisha kikipoa kinajirudisha chenyewe, ili dereva asibaki gizani moja kwa moja. Na taa kubwa zikikatwa, bawabu hana wa kumnong'oneza, basi za ziada nazo zinazima. Fyuzi ingekuwa imeungua na ingebaki imeungua, shahidi wa kila mtu. Kidude kile kinakata, kinapoa, kinajirudisha, na hakiachi alama. Kwa hiyo mahali fulani waya ulikuwa unagusa bati gari likitikisika, na likitulia unaachia. Nilifurahi mno. Furaha ya kupata hitilafu ni furaha ya peke yake, na dakika ile nilimsahau hata Shaibu.

Nikafuata waya zilizotoka taa kubwa. Nikafungua mpira unaozifunika, na vidole vyangu vikanata.

Ganda la plastiki la waya wa amri lilikuwa limevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Palipopita kwenye kishikio cha bati, ganda lilikuwa limesukumwa likaacha shaba wazi, na kwenye shaba palikuwa na doa jeusi la kuungua, dogo kama punje ya mchele. Nilipopima mara ya kwanza sikuufungua mpira ule. Kwa nje ulikuwa safi, na mimi niliuamini kwa kuwa niliufunga mwenyewe.

Lakini kwa nini umelainika? Kwanza nilisema ni joto la injini. Lakini waya za karibu zaidi na injini zilikuwa ngumu. Nikasema ni waya mbovu, na kwa siku mbili nikamsema moyoni muuza waya mmoja wa Darajani, mtu wa watu. Lakini kipande cha roli lile lile la waya, kilichopita ndani chini ya dashibodi, kilikuwa kikavu na kigumu kama siku nilipokinunua. Nikakaa benchini nikivitazama vipande viwili. Kimoja nje, kimoja ndani. Kuna kitu kilichofika huku na hakikufika kule.

Nikaenda kwenye rafu kuchukua kitambaa cha kufutia mikono. Burashi yangu ya mafuta ya karafuu ilikuwa pale, na nilipoigusa haikutoka. Mpini wake wa plastiki ulikuwa umeyeyuka ukaganda kwenye ubao, na alama za vidole vyangu zilikuwa zimejichora juu yake, kama kwenye nta. Nilisimama pale nisijue nifanye nini na mikono yangu.

Hata hivyo Fundi Kanji hakunifundisha kukubali kitu kwa sababu kimenitisha. Nikachukua vikopo vitano vya kioo vilivyokuwa vya jamu, nikaviweka dirishani. Kimoja mafuta ya karafuu, kimoja mafuta ya nazi, kimoja dizeli, kimoja maji ya bahari, kimoja maji ya mfereji. Ndani ya kila kimoja nikatia kipande cha waya kutoka kwenye roli lile lile. Kamati ilikuwa imebakiza siku nane. Kila asubuhi, kabla ya kuvua baibui, nilikwenda dirishani nikavitoa kimoja kimoja na kuvibonyeza kwa ukucha. Siku ya kwanza vyote sawa. Siku ya pili kile cha karafuu kilikuwa kimenenepa kidogo, au nilijidanganya. Siku ya nne nilikibonyeza, ukucha ukazama.

Nilikwenda Kizimbani kumuuliza yule mpika mafuta. Alikuwa anajaza chupa.

"Haya mafuta yanakula plastiki?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama maji yanarowesha. "Hebu tazama hapa. Unaona dumu lolote? Sisi yetu ni chupa za kioo na bati tu. Ukitia kwenye kikombe cha plastiki, kitako kinakwenda na maji."

"Hukuniambia."

"Uliomba dawa ya panya, bibi. Nlijua unapaka ukutani."

Wala sikuweza kumlaumu. Mtu mzima mwenye miaka yake kazini nilikuwa nimepaka kitu kwenye waya bila ya kuuliza waya ule umetengenezwa kwa kitu gani. Niliona aibu, aibu ya kukataa chakula, na nyumbani walidhani naumwa.

Nikaandika ripoti ya pili. Nikaeleza waya wa amri, kishikio, doa la kuungua, kidude kinachojirudisha, na vikopo. Mwisho nikaandika kwamba mafuta yalipakwa na fundi Zuhura, ambaye ndiye anayeandika. Bwana Haji aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena.

"Bi Zuhura, hii sentensi ya mwisho ina lazima? Andika hitilafu ya waya, inatosha."

"Wataniuliza waya umepata nini."

"Hawataki kujua yote hayo."

"Mimi nilitaka."

Akaikunja karatasi. "Ntaipeleka. Lakini nikwambie: kijana wa watu kashatia saini kwamba alilala. Kamati itaishika saini yake kuliko waya wako. Mpaka aifute mwenyewe, mbele yao, kesho saa tatu."

Kabla sijafika Mkokotoni kumtafuta Shaibu, niseme habari ya magari mengine sita. Niliyasimamisha yote siku ile ile ukucha ulipozama, na baadaye nikayafumua waya zote za mbele, wiki tatu za kazi, na kwenye matatu nilikuta shaba iko nje tayari. Karakana zote nilizozifundisha dawa yangu nilizizungukia kwa miguu nikiwaambia waache. Barua ya onyo niliyopewa imo kwenye lile faili. Panya walirudi, na kwa mara ya kwanza sikuwachukia.

Mchana ule ule wa Jumatano, nilipotoka kwa Bwana Haji, nikapanda gari la kazi kwenda Mkokotoni, kikopo cha kioo mapajani. Shaibu alikuwa sokoni, kwenye meza ya shemeji yake, anaparua samaki. Aliponiona aliweka kisu chini, akaniamkia, akanitafutia ndoo ya kukalia.

"Bi Zuhura, umekuja mwenyewe," akasema. "Kama ni habari ya kesho, mie nshakubali. Nlilala. Nimekaa nimefikiri, haiwezi kuwa vyengine."

"Shika huu."

Nikautoa waya kwenye kikopo nikampa. Akaushika kwa vidole viwili, akauvuta kidogo, na ganda likatoka lote mkononi mwake kama ganda la harage lililochemshwa. Akabaki ameshika shaba tupu. Shemeji yake aliacha kupima pweza akasogea kutazama.

Nikamweleza. Nilianza na panya na nikamaliza na makanika juu ya bampa. Sikuruka kitu. Nilimwambia, "Mafuta nlipaka mie, kwa mkono wangu. Na ile karatasi ya kwanza niliandika mie, bila ya kufungua mpira."

 "Zilizimika kwa muda gani?" akauliza.

"Nilihesabu kumi."

"Zote nne?"

"Zote nne, pamoja. Kisha zikawaka zenyewe."

Akaukunja ule waya kwenye kiganja, akaufungua, akaukunja tena. Nikatazama upande wa samaki ili nisimwone.

"Kwa hiyo nlikuwa macho," akasema.

"Ulikuwa macho, Shaibu."

"Nlikuwa macho." Alimgeukia shemeji yake, kama kwamba ndiye aliyekuwa akimbishia. "Unajua, toka siku ile sijampakia mwanangu hata kwenye baskeli. Mamake ndiye anayekwenda kumchukua chuoni akimaliza kusoma Kurani, jua lote lile. Nlisema mtu asiyejijua kalala au yu macho, huyo si wa kumpa mtoto."

 Niliomba radhi, na nikaomba tena, na akasema ameshasamehe, lakini nadhani hakuwa ananisikia vizuri. Alikuwa ananawa mikono. Alinawa kwa sabuni, akanusa, akanawa tena mpaka harufu ya samaki ikatoka.

"Kesho saa tatu ntakuwepo," aliniambia. Kisha akamwomba shemeji yake baskeli. Akaikagua breki ya mbele, akaikagua ya nyuma, akabonyeza magurudumu kwa kidole gumba. Saa ya kutoka chuoni ilikuwa inakaribia. Nilisimama na kikopo changu mpaka nikamwona anarudi kwa barabara ya soko, taratibu, na mtoto wa kike wa miaka sita amekaa mbele yake kwenye mtaimbo wa baskeli, msahafu kifuani, anamwambia baba yake aende mbio.